Kazi iko, ajira haiko: tuchague uenjenieri gani Kasongo na Kabambare?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafinalisti, wazazi na walimu, Kasongo

   

Mumeniomba nijibu swali moja. Mtoto anamaliza sekondari, anataka kuwa enjenieri, yaani mhandisi kama majirani zetu wa Tanzania wanavyosema. Achague tawi gani lenye kesho nzuri?

Najua kule nyuma kuna watu wanaojiambia: "Huyu mwenyewe ni shomeri. Ana diploma ya iniversite, anakula kwa mama yake. Atatufundisha nini juu ya kazi?" Swali hilo ni la haki, tulianze na lile. Mimi nilisoma umeme, miaka mitano, Lubumbashi. Nimerudi kwetu, na jioni ikifika watu wanawasha torshi ya simu ili waone sahani. Enjenieri wa umeme anakosa kazi pahali ambapo umeme ndio unakosekana. Ni kama munganga kukosa kazi katikati ya wagonjwa. Nimeangalia jambo hilo kwa muda mrefu, maana muda ninao. Nataka kuwaambia nilichokiona, juu bila kuelewa fumbo hilo, mutachagua tawi kwa kufuata rangi ya jipu ya kampani.

Kazi na ajira si kitu kimoja

Kazi ni shida inayongoja mikono. Ajira ni mtu aliye tayari kuilipa mikono hiyo.

Kwetu, kazi imejaa. Kutoka hapa mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita mia mbili, na wakati wa mvua kamio inalala njiani siku baada ya siku. Baria ya mvua inashushwa, watu wanangoja udongo ukauke. Mwenye kinga anasukuma mzigo kwenye matope, na kila jasho lake linaongezwa kwenye bei ya chumvi. Mashine ya kusaga muhogo inakunywa mazutu ambayo imesafiri kuliko sisi wote. Mama anaamka saa kumi usiku kufuata maji kwenye kijito. Kwenye santé, friji ya chanjo inategemea pano moja ya jua na batri iliyochoka. Yote hayo ni kazi ya enjenieri. Hakuna hata moja ambalo ni siri ya kisayansi. Yanajulikana duniani namna ya kuyamaliza tangu zamani.

Basi kazi iko. Ajira ndiyo haiko. Kati ya kazi na ajira kuna kitu kimoja: bajeti. Nani ameweka feza pembeni kwa ajili ya daraja hili, kwa ajili ya maji haya? Nitarudi hapo mwishoni. Kwa sasa mushike maneno hayo mawili, kwa sababu wengi wetu tunachagua masomo kwa kuangalia ajira ya leo tu, na ajira ya leo inaweza kufungwa kabla hujavaa toga.

Zahabu yetu imetufundisha nini

Nikiwauliza hapa nani anataka kusoma mines, mikono itapanda mingi. Ninaelewa. Kabambare kuna Namoya, na zahabu ya Namoya inajulikana tangu wakati wa Wabeljiki. Mtoto wa kwetu alipoona kampani inakuja, na watu wenye kofia ngumu na kilo inayong'aa, alijiambia: mlango ni ule.

Tuhesabu basi. Kampani ya Banro, ya Kanada, ilitangaza kwamba Namoya imeingia katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Desemba 2017 Banro ilikimbilia mahakama ya Kanada kuomba ilindwe mbele ya watu waliokuwa wanaidai. Septemba 2019 ilisimamisha kazi Namoya juu ya ukosefu wa usalama. Toka Januari 2016 mpaka Septemba 2019 haifiki hata miaka minne. Sasa muchukue kijana aliyeingia fakilte ya politekniki mwishoni mwa 2015, na Namoya kichwani. Kama hakukosa mwaka hata mmoja, alimaliza 2020. Mlango ulifungwa yeye akiwa bado kwenye mtihani. Alisoma vizuri, hakuwa mvivu. Masomo yake yalikuwa marefu kuliko maisha ya ajira aliyoifuata.

Si mara ya kwanza. Waulizeni wazee wa Kalima. Mwaka 1976 kampani za bati na zahabu za Kivu na Maniema ziliunganishwa, ikaitwa SOMINKI. Watu walikuwa na mshahara, kantini, hospitali, shule. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, kule London, likaishiwa feza za kushikilia bei, na bei ya bati duniani ikaanguka. Mchimbaji wa Kalima hakuwa na kosa, na mlima haukuhama. Lakini SOMINKI haikupona tena mpaka ikafa.

Na hata leo, kule Lualaba na Haut-Katanga ambako kila mtu anatamani kwenda, mumesikia ya kobalti. Nchi yetu inatoa sehemu kubwa sana ya kobalti ya dunia. Februari 2025 serikali yenyewe ilisimamisha kuiuza nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, halafu mwezi wa kumi ikaleta viwango vya kila kampani. Mimi sihukumu uamuzi huo. Nasema tu: ukisoma madini, ujue kwamba mkubwa wako wa kweli ni bei, na bei haikai Kolwezi.

Je, ninasema mines isisomwe? Hapana. Nchi hii inahitaji wajuzi wa udongo na wa migodi ambao ni watoto wake, la sivyo tutaendelea kuambiwa na wageni kitu gani kiko chini ya miguu yetu. Anayependa jiolojia asome jiolojia. Lakini aende akijua mambo mawili. La kwanza, atakaa ambako mgodi uko, si lazima kwao. La pili, ajifunze ndani yake ufundi ambao hauzikwi pamoja na mgodi.

Nitoe mfano. Haut-Uélé kuna mgodi wa zahabu wa Kibali, ulioanza kutoa zahabu 2013. Mgodi huo ulijengewa vituo vya umeme wa maji: Nzoro, Ambarau, na cha tatu Azambi, kilichomalizika 2018. Azambi kilijengwa hasa na kampani za Wakongomani. Fikiri juu ya vijana waliofanya kazi ile. Zahabu ya Kibali itakwisha siku moja, zahabu yote inakwisha. Lakini mtu aliyejua kuzuia mto, kumwaga betoni na kufunga turbini pale Azambi anaweza kufanya hivyo kwenye mto mwingine wowote, kukiwa na mgodi au kusiwe na mgodi.

Kalima inatuonyesha kitu hicho hicho. SOMINKI ilikufa, lakini kituo cha maji cha Lutshurukuru, kilichojengwa kwa ajili ya bati, ndicho Kalima na Kindu zimetegemea kwa umeme miaka mingi baadaye, hata na uzee wake na kuharibika kwake. Maji ya Lutshurukuru hayakusikia habari ya London. Yaliendelea kushuka.

Hapo ndipo ninapotoa kanuni yangu, na ni moja tu: tawi lenye kesho nzuri ni lile ambalo kazi yake inabaki pale kampani inapofunga mlango.

Matawi manne yasiyofungwa

La kwanza, barabara na madaraja. Watu wanafikiri barabara inauliwa na kamio. Barabara ya udongo inauliwa kwanza na maji. Maji yasipopata pa kupita, yanakaa, udongo unalainika, ndipo kamio inachimba shimo, na shimo linakuwa ziwa. Ndiyo maana enjenieri mzuri wa barabara kwetu hahitaji kuota lami kila siku. Anahitaji kujua mvua inamwaga kiasi gani, kilima kinapeleka maji wapi, kanivo iwe na upana gani, dalo iwekwe pahali gani, udongo gani ushindiliwe namna gani. Angalia bonde la Luama na mito inayoshuka kuingia Lualaba: kila mto ni daraja, na kila daraja linahitaji mtu wa kulikagua baada ya msimu. Barabara haikwishi kujengwa. Ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Masomo yake munaweza kuyapata kwenye fakilte za politekniki, au INBTP ya Kinshasa kwa wenye uwezo wa kufika huko.

La pili, maji ya kunywa. Kwetu milima iko na chemchemi ziko. Mahali pengi maji yanaweza kuteremka yenyewe kwa bomba, kutoka chemchemi iliyolindwa mpaka kwenye robine ya kijiji, bila tone la mazutu. Kinachotakiwa ni mtu wa kupima urefu wa kilima, kuchagua bomba lisilopasuka, kujenga tanki, kupima uchafu wa maji, na kufundisha kamati ya kijiji namna ya kutengeneza. Kipindupindu hakiogopi hotuba, kinaogopa maji safi na choo kizuri. Tawi hili halina kilo inayong'aa. Lakini hakuna serikali, kanisa, msikiti wala shirika litakaloamka siku moja na kusema watu hawahitaji tena maji.

La tatu, umeme mdogo. Kwa jumla, hapa Kongo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye anapata umeme, na vijijini ni wachache zaidi sana. Tumezoea kuimbiwa Inga. Inga 1 ilianza 1972, Inga 2 mwaka 1982, na waya wake umepita juu ya vichwa vya watu wengi kuelekea kwenye migodi ya Katanga. Sisi wa Maniema ya kusini tusingoje Inga. Niwape hesabu ndogo, wa maths-physique mutaifuata. Ukiwa na maji mita kyubu 1 kila sekunde, yanaanguka mita 10, nguvu iliyo ndani yake ni karibu kilowati 98. Ukitoa yanayopotea kwenye bomba, turbini na jenereta, unabaki na karibu 70. Mashine ya kusaga ya kawaida inataka kama 10. Kwa hiyo maporomoko madogo, ambayo leo watoto wanaogea tu, yanaweza kusagisha muhogo, kuwasha santé, shule, na semba ya muoka mkate, mchana na usiku. Hiyo si ndoto ya Wazungu. Matebe, kule Rutshuru, ilianza 2015 na inatoa zaidi ya megawati 13 kwa maji ya mto. Goma, kampani ya Nuru ilifungua kituo cha jua cha megawati 1,3 mwaka 2020. Sheria ya umeme ya 2014 ilivunja ukuta: SNEL si peke yake tena, mikoa na watu binafsi wanaweza kuingia.

La nne, matunzo ya mashine, lile watu wanaita elektromekaniki na mentenansi. Hili linadharauliwa, nami naona ndilo linalotoa mkate haraka kuliko yote. Kila antena ya simu inataka umeme masaa 24: pano, batri, jenereta, mtu wa kuamka saa nane usiku alarmu ikilia. Kila hospitali ina friji, mashine ya oksijeni, mashine ya kupima damu. Ngapi zimefunikwa na kitambaa kwenye kona juu fiyuzi iliungua na hakuna anayejua? Shirika linaleta pampu, picha zinapigwa, baada ya mwaka pampu inanyamaza. Nchi yetu haijakosa mashine tu; imekosa watu wa kuzirudisha katika uzima.

Na informatiki? Munaipenda, ninajua, simu haziwatoki mikononi. Ni nzuri. Lakini tazama wangapi wamemaliza informatiki na leo wanafotokopi kwenye kibanda. Programu ya kuandika barua haitakupa mkate tena, mashine zenyewe zimeanza kuandika programu. Ichukue informatiki kama kisu cha jikoni: kila enjenieri awe nacho. Wa umeme ajue kupanga mtambo kwenye kompyuta, wa barabara ajue ramani za setilaiti. Anayetaka iwe shamba lake lote, basi alime kwa kina kweli, hisabati na yote, siyo cheti cha miezi mitatu.

Jipime wewe mwenyewe

Kabla ya baba kuuza shamba, mfinalisti akae na karatasi, ajibu maswali machache bila kujidanganya.

Hisabati yako iko namna gani? Politekniki haimwonei mtu, inampima. Kwetu watoto wengi wamepita pedagojia, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na nyumba. Hilo si laana, lakini linaleta deni: utatakiwa kurudilia hisabati na fizika kwa nguvu kabla hujaingia. Anza sasa, usingoje Lubumbashi.

Unaweza kulipiwa miaka mingapi? Tangu iniversite zetu zilipoanza mfumo wa LMD, mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu na mastere ni miaka miwili juu yake. Wengine watafika mwisho. Wengine feza itakatika katikati, maana ugonjwa na vita haviulizi kalenda ya minervali. Kwa hiyo chagua tawi ambalo hata ukisimama baada ya mwaka wa tatu, mikono yako inajua kitu.

Na je, ni lazima iwe iniversite? Wazazi, hapa naomba munisikilize vizuri. Daraja moja linahitaji enjenieri mmoja, lakini linahitaji mafundi kumi wanaojua kusoma plani. A2 ya umeme, ya ujenzi au ya mekaniki, akiongeza mafunzo ya INPP, anaweza kuwa na mkate wakati mwenye lisansi ya karatasi bado anapeleka dosye kutoka biro moja mpaka nyingine. Mtoto akisema anataka kuwa fundi, musimwambie ameanguka. Enjenieri bila mafundi ni jemadari bila askari. Tena A2 haifungi mlango: akikusanya feza yake, anarudi kusoma akijua tayari nyaya zinaungua wapi.

Dada zangu, hili ni lenu pia. Msichana akiwa wa kwanza kwenye hisabati, mtaa unamshauri awe sekretari. Anayebeba maji kila siku tangu miaka saba anajua tatizo la maji kuliko mimi na diploma yangu. Kwa nini asiwe yeye anayechora bomba?

Na kwa wale wanaosikia mwito wa shimo la zahabu: sitawatukana. Kijana anashuka kwenye shimo kwa sababu jioni anaweza kurudi na kitu, na daftari halilipi jioni. Lakini shimo linakula mgongo, na likianguka halichagui. Kama unachimba, weka kidogo pembeni kila juma kwa ajili ya ufundi. Usiruhusu zahabu ichukue miaka yako yote bila kukuachia hata elimu ya fiyuzi moja.

Narudi kwenye bajeti

Sasa mutaniambia: sawa, tumesoma maji, barabara, umeme mdogo. Tutarudi hapa na kuwa mashomeri kama wewe. Ndiyo. Hivyo ndivyo itakavyokuwa, kama tutafanya nusu ya kazi tu. Nusu ya kwanza ni kusoma. Nusu ya pili ni kudai kwamba feza ya kazi hizo ionekane. Hapa ndipo harakati yetu na masomo yenu vinakutana.

Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka dosye kwenye biro moja ambayo sitaitaja. Waliniambia kazi iko, lakini "tufikirie na sisi kidogo." Nikauliza tanga la ajira limebandikwa wapi. Halikubandikwa popote. Wapi hakuna tangazo, hapo hata aliyesoma tawi zuri kuliko yote atashindwa na mtoto wa shemeji. Ndiyo maana swali la tawi haliwezi kutengwa na swali la haki.

Sheria si chache. Kodi ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema mrabaha wa mgodi ugawanywe hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 entite ya chini ambako mgodi uko, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampani inatoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sheria ya 2017 juu ya kazi ndogo za makampuni inazihifadhi kwa kampani ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Toka 2008 kuna FONER, mfuko wa matunzo ya barabara, na sehemu ya feza yake inakatwa kwenye mafuta. Yaani motari wa Kasongo, kila akinunua esansi, analipia barabara. Anailipia barabara, halafu anasukuma moto kwenye matope ya barabara hiyo hiyo.

Kwa hiyo tukitoka hapa tufanye haya, na hatuhitaji ruhusa ya mtu.

Moja, kila kazi ya serikali inayofanyika Kasongo na Kabambare tuidai kibao: nani anajenga, kwa feza ngapi, kwa siku ngapi. Tupige picha, tutume kwenye kundi. Wanaosoma ujenzi waje kupima: kanivo iko? simenti iko ya kutosha? Hayo ndiyo yatakuwa mazoezi yenu ya kwanza.

Mbili, tuandike barua kwa wakubwa wa jimbo na wa teritwari zetu mbili: kila mradi wa barabara, maji au umeme uwe na nafasi za staji kwa wanafunzi wa hapa, na nafasi hizo zibandikwe ukutani, siyo kunong'onezwa.

Tatu, sisi tuliomaliza masomo, tulio na muda kuliko feza, tufungue mafunzo ya hisabati na fizika bure kwa wafinalisti kila Jumamosi. Mimi najiandikisha wa kwanza, nitachukua fizika. Tena tutembee kwenye vijito vyetu na kupima maji na urefu wa maporomoko, tuweke kwenye daftari. Siku ambayo mtu mwenye feza atakuja kuuliza "umeme unawezekana hapa?", asikute midomo mitupu, akute namba.

Nne, tuunde kampani ndogo na kooperative za mafundi kwa makaratasi halali. Sheria ya 2017 haiwezi kumsaidia mtu ambaye haonekani kwenye karatasi yoyote.

Mjini kwetu neno "kura" lina maana mbili. Kuna kura ya kupiga na kuna kura ya kuwasha taa. Wanasiasa wanakuja kulomba ya kwanza, ya pili wanaisahau njiani. Safari hii, atakayekuja kuomba ile ya kwanza, tumuulize kwa namba: kilowati ngapi, kilomita ngapi, robine ngapi, na feza iko kwenye mstari gani wa bajeti. Akishindwa kujibu, naye afanye mtihani tena.

Mdogo wangu mfinalisti, kama unasitasita, rudi nyumbani, zunguka mtaa wako jioni moja. Andika kila kitu kilichovunjika ambacho kitakuwa bado kimevunjika miaka kumi ijayo kama hakuna mtu atakayekishika. Katika orodha hiyo, chagua kile ambacho mikono yako inakipenda na hisabati yako inakiweza. Hilo ndilo tawi lako. Kuhusu ajira, hatutangoja ituite. Tutaidai pamoja, wewe na kitabu chako, mimi na wenzangu na barua zetu.

Mafunzo ya Jumamosi yanaanza juma hili. Muje na daftari na kalamu.